Sukari ya Vijiko Vinne

Mwaka 2018 nilitoka Tanga kwenda Dar es Salaam kushiriki shindano la mapishi la televisheni, na siku 22 baadaye nilirudi nyumbani nikiwa mwizi wa sukari na, kwa wale wenye ulimi mrefu zaidi, mchawi. Sukari sikuiba, na uganga siujui hata wa kikohozi. Jina la shindano sitalitaja, wala la kituo kilicholirusha, kwa sababu waliokuwamo wanajijua na asiyekuwamo jina halimsaidii kitu. Ninachotaka kukiandika ni namna jambo lile lilivyopikwa, maana mimi ni mpishi, na kitu kilichopikwa nakijua hata kikiletwa mezani kimefunikwa.

Naishi Ngamiani, barabara ya 14, ambako asubuhi nauza mikate ya mofa na jioni visheti na kalimati. Sisi wa rika langu tulikua tukisikia habari za nyumba zenye kamera: mwaka 2003 Mwisho Mwampamba alituwakilisha katika Big Brother Africa ya kwanza, mwaka 2007 Richard Bezuidenhout akaibuka mshindi, na mwaka 2014 Idris Sultan akarudi na dola 300,000 za Marekani. Barazani kwetu habari hizo zilisimuliwa kama za mtu aliyepanda jahazi akarudi na dhahabu, na sikumbuki hata mara moja kusikia habari za wale waliotolewa mwanzoni. Zawadi ya shindano letu ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na hiyo, lakini ingetosha kununua tanuri kubwa la umeme na kulipia fremu ya biashara kwa miaka miwili, na hesabu hiyo niliipiga na kuirudia ndani ya basi tangu Kange hadi Ubungo.

Mkataba tuliletewa saa tatu usiku, katika ujia wa nyumba ya wageni tuliyofikia, na gari la kutupeleka kambini lilikuwa linaondoka alfajiri ya kesho yake. Zilikuwa kurasa 19 za Kiingereza. Kijana aliyezileta, mwenye adabu na haraka, alinionyesha mahali pa kuweka sahihi na kuniambia, "Ni taratibu za kawaida tu, dada." Nilimaliza kusaini kabla chai yangu haijapoa. Baada ya mambo yote kuharibika ndipo mpwa wangu anayesoma sheria aliponifasiria kifungu baada ya kifungu, nami nikajifunza kwamba nilikuwa nimewaruhusu kukata, kupanga upya na kuunganisha picha na sauti yangu kwa namna yoyote waliyoona inafaa, hata kama kwa kufanya hivyo ningeonekana tofauti na nilivyo, na kwamba nilikuwa nimeahidi kutodai chochote kwa ajili ya aibu itakayonipata. Neno aibu lilikuwamo kwa jina lake. Mtu aliyelichapa alijua kwamba aibu itakuja.

Kambini tulikuwa watu 10. Simu zilichukuliwa mlangoni, mabegi yakapekuliwa, na saa zilikuwa zimeng'olewa ukutani zikabaki alama nyeupe za duara. Kila baada ya siku tatu tuliletewa kapu la chakula cha nyumbani, na ndani yake mlikuwa na nusu kilo ya sukari kwa watu wote hao. Msomaji wa Tanga anajua kwamba huku kwetu nusu kilo ni ya kikao kimoja cha wazee wanne. Hatua 30 kutoka chumba tulicholala, katika jiko la mashindano, palikuwa na ndoo nzima ya sukari, na maziwa, na siagi, na iliki ya kumwaga, ila hakuna hata chembe iliyoruhusiwa kuvuka mlango kuja upande wetu. Wakati ule nilidhani ni ubahili. Nilikaa muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba kampuni inayokodi taa na kamera za fedha nyingi kiasi kile haiwezi kushindwa kununua kilo moja ya sukari, na kwamba nusu kilo ile ilikuwa imepimwa na mtu aliyejua anachokipima.

Maneno yalianza kama utani. Mshiriki mmoja, kaka aliyewahi kupika katika hoteli kubwa na aliyependwa na wapiga picha kwa sababu ya ulimi wake, alisikia natoka Tanga akawaambia wenzake wasile chakula changu, watahama makwao wanifuate. Nilicheka pamoja nao, kwani utani wa watu wa pwani na mambo ya limbwata ni wa zamani na nimeuzoea. Siku ya tatu haukuwa utani tena, kwa kuwa nilikuwa nikikaribia chungu watu wanaondoka, na nikiacha kikombe mezani mtu anakimwaga na kukisuuza mbele yangu huku akitazama kamera. Kuna tofauti kubwa kati ya kutaniwa na mtu anayekutazama wewe na kutaniwa na mtu anayetazama kamera. Wa kwanza ukinuna ataacha, wa pili ukinuna ataongeza.

Ni lazima niseme pia jambo langu, la sivyo simulizi hii itakuwa imekatwa kama walivyokata wao. Miongoni mwetu alikuwamo msichana mwenye kigugumizi, mdogo kuliko sisi wote, mpishi hodari wa samaki. Usiku wa siku ya nne, nikiwa nimechoka kuwa mimi ndiye wa kuchekwa, nilimwigiza jinsi anavyohangaika kulitamka neno "bizari". Niliigiza vizuri, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yule kaka wa hoteli akanipigia makofi, nami kwa dakika chache nikawa mmoja wao. Msichana yule alicheka pia, kicheko kifupi, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari visafi. Kamera zilikuwa zinafanya kazi usiku ule. Kipande hicho hakikurushwa kamwe, kwa sababu katika hadithi yao nilikuwa nimeshapangiwa kuwa mwizi na mshirikina, na mtu hapewi makosa mawili yasiyofanana, watazamaji wasije wakachanganyikiwa. Hivyo ndivyo nilivyohukumiwa kwa nisilolitenda na kuachiwa nililolitenda.

Siku ya tisa msichana huyo aliamka na homa na tumbo, akawa hawezi kula kitu. Nilimpikia uji wa pilipili manga, na kwa kuwa kapu lilikuwa halijaletwa na sukari iko chini kabisa ya kopo, nilichukua mapema vijiko vinne vya chai, sehemu yangu na yake, nikavifunga kwenye kipande cha karatasi na kukiweka mfukoni mwa dera ili jioni apate tena uji mtamu. Yule kaka wa hoteli aliniona. Alisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Watu wa Tanga hawafungi sukari kwenye karatasi bure." Wakanizunguka, nikatoa karatasi, wakaitazama kama iliyotoka makaburini, na mmoja akataka imwagwe chooni na isomewe dua. Nilieleza ni ya nani. Hakuna aliyesikiliza, na mpiga picha alikuwa ameshapiga goti kuipata karatasi ile kwa karibu mkononi mwangu, na kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka hata mimi ningejishuku.

Kulikuwa na chumba kidogo cha mahojiano ambacho sisi wenyewe tulikiita "kwa padri", hata tusiokuwa Wakristo. Unakaa mbele ya pazia, mtayarishaji anakuuliza swali, nawe unatakiwa ujibu kwa sentensi nzima ili sauti yake iweze kuondolewa baadaye. Siku ya tatu mtayarishaji mmoja wa kike, mpole wa sauti, ambaye kwa kweli nilimpenda, aliniuliza kama niko tayari kuwafundisha wenzangu siri ya visheti vyangu kabla shindano halijaisha. Nikajibu kwa kucheka, "Cha kwangu ni changu, sigawi mpaka mwisho wa shindano." Nilikuwa nimevaa mtandio wa kijani alioninunulia mama katika Soko la Mgandini kwa ajili ya safari. Siku ya tano niliupiga pasi kwa moto mkali, ukaungua pembeni, alama ya kahawia yenye umbo la ncha ya pasi, na siku ya sita niliuvaa hivyo hivyo kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kufanana na nguo.

Watazamaji wa kipindi cha wiki ya pili waliona hivi: mkono unaotetemeka, karatasi ya sukari, wenzangu wakishika vichwa, muziki mzito wa vipindi vya majini, kisha mimi mbele ya pazia nikicheka na kusema, "Cha kwangu ni changu, sigawi." Maneno "mpaka mwisho wa shindano" hayakuwapo. Uji haukuwapo. Mgonjwa hakuwapo.

Nilitolewa kwa kura siku ya 22 na kurudi nyumbani kwa basi. Mama alinipokea bila kuuliza lolote, akanipa maji ya kuoga, na nilipomaliza kula ndipo akasema, "Mwanangu, hebu nieleze jambo moja. Mtandio ule uliungua Jumanne ukapona Ijumaa?" Alikuwa ametazama vipindi vyote sebuleni kwa jirani, akiwa na majirani kumi na wawili, na wakati wengine wanasema astaghfirullah kwa habari ya karatasi, yeye alikuwa anatazama nguo. Amekuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka 30. Katika kipindi cha kwanza aliona alama ya pasi, akasikitika kwa ajili ya kitambaa. Katika kipindi cha pili, wakati wa maneno yale mabaya, mtandio ulikuwa mzima, hivyo akajua kwamba maneno yalisemwa kabla ya mtandio kuungua, siku nyingine, kwa jambo jingine. Aliwaambia majirani. Walimwitikia kwa heshima, kama mtu anavyomwitikia mama anayemtetea mtoto wake.

Mtaani mambo hayakuja kwa kishindo. Tanga watu ni wastaarabu, hawakutukani usoni. Mteja wa harusi aliyeniagiza visheti vya sahani 40 alimtuma mtoto kuniambia wameahirisha, ingawa harusi yenyewe ilifanyika Jumapili ile ile na ngoma yake niliisikia nikiwa kitandani. Waliozoea kununua mkate na kuula pale pale wakiwa juu ya baiskeli walianza kufungiwa wende nao, na sikuwa na hakika kama waliula. Watoto ndio walikuwa wakweli: walipita wakikimbia wakiimba "Mama Sukari, weka kidogo," na mmoja wao, mtoto wa barabara ya 13, alikuja peke yake jioni moja akaniuliza kwa unyenyekevu kabisa kama naweza kumfanyia dawa ya hesabu. Huyo nilimpa kalimati tatu. Mtandaoni ilikuwa habari nyingine: kipande cha sekunde 14 kilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, picha ya mkono wangu ikageuzwa kuwa stika, na watu nisiowajua walinitumia jumbe za kunitakia mauti kwa sababu ya vijiko vinne vya sukari. Kwa miezi miwili nilikuwa nalala na simu imezimwa na kufungiwa kabatini.

Nilipopata nafuu nilianza kusoma habari za wengine, na kilichonishangaza ni udogo wa vitu vilivyowagombanisha. Uingereza, mwezi Januari 2007, katika Big Brother ya watu mashuhuri, ugomvi mkubwa kati ya Jade Goody na mwigizaji wa India Shilpa Shetty ulilipuka kwa habari ya vidonge vya kupikia supu. Watu zaidi ya 40,000 walilalamika kuhusu ubaguzi aliotendewa Shilpa, mdhamini akasimamisha udhamini wake, na Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo, ikakiamuru kituo kutangaza hewani muhtasari wa uamuzi wake dhidi yake. Japani, Hana Kimura, mwanamieleka wa miaka 22, alimfokea mwenzake katika kipindi cha Terrace House kwa sababu vazi lake la mieleka lilifuliwa na kukaushwa pamoja na nguo za mwenzake huyo likasinyaa. Matusi yalimmiminikia mitandaoni, na tarehe 23 Mei 2020 alijitoa uhai. Niliposoma habari hiyo niliweka simu chini, nikatoka nje nikakaa kizingitini mpaka adhana ya alfajiri, kwa sababu mimi nilijua usiku wa namna ile unafananaje.

Sukari, vidonge vya supu, vazi. Mtu aliyenyimwa simu, saa, kazi, jamaa na usingizi wa kutosha habaki na kitu kingine cha kukilinda isipokuwa hicho kidogo kilicho mbele yake, na anayempanga anajua hivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba washiriki wa vipindi hivi ni watu wa shari tangu makwao, namwambia akachukue wapole kumi wa msikiti wowote au kanisa lolote, awafungie na nusu kilo ya sukari, kisha ahesabu siku. Yule kaka wa hoteli simsamehi kwa urahisi, lakini nimekuja kumwona kama mfanyakazi mwenzangu ambaye naye hakulipwa. Kulikuwa na watu wazima wenye mishahara nyuma ya kioo, walioona karatasi na waliouona uji pia, na wakachagua. Siku niliyotoka nilimuuliza yule mtayarishaji mpole kwa nini hakuzuia. Alinijibu bila ukali, "Dada, wiki ya amani haina kura." Kila kura ilikuwa ujumbe wa simu, na kila ujumbe ulikatwa fedha.

Sheria nazo nilizitafuta. Japani, baada ya mama yake Hana, Kyoko Kimura, kupigania jambo hilo, mwaka 2022 Bunge liliongeza adhabu ya kumtusi mtu hadharani kutoka kizuizi cha chini ya siku 30 au faini isiyofikia yeni 10,000 hadi kifungo cha mpaka mwaka mmoja. Uingereza, tangu tarehe 5 Aprili 2021, kanuni za Ofcom zinawataka watangazaji watunze ipasavyo ustawi wa washiriki walio katika hatari ya kudhurika, na wamweleze mshiriki mapema madhara yanayoweza kumpata. Sweden ilikuwa imeonyeshwa njia kwa uchungu mapema zaidi, mwaka 1997, pale Sinisa Savija, mkimbizi kutoka Bosnia na mtu wa kwanza kutolewa katika Expedition Robinson, alipojiua kabla kipindi hakijaanza hata kurushwa. Kwetu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha au kumsumbua, na ipo Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ningejua mapema ningelalamika. Hata hivyo naona sheria ile inamshika kijana aliyenitumia matusi saa nane usiku, na si aliyekaa na mkasi akamtengenezea kijana huyo sababu ya kunitukana.

Mwaka uliofuata shindano lile nilimtafuta yule msichana wa kigugumizi. Namba niliipata kwa mpishi mwingine, nikaishika wiki nzima bila kupiga. Nilipopiga nilimwomba radhi kwa habari ya usiku wa siku ya nne, nikamweleza bila kujitetea kwamba nilimwigiza ili nami nipate kupendwa. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba hilo alikuwa analikumbuka, na kwamba limemuuma kuliko ya wengine kwa sababu uji wangu aliunywa. Sikuwa na la kujibu. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba siku ile ya sukari walimwita kwa padri akiwa na homa, akawaeleza kila kitu, kwamba sukari ni yake na uji ni wake. Aliwaeleza mara tatu, maana kila alipokwama walimwambia aanze upya, na mwisho wakamwambia asante, inatosha, inachukua muda mrefu mno. Kulitamka hilo kwenye simu kulimchukua muda pia, nami nilimsubiri.

Siku hizi biashara imerudi, na mabinti wa mtaani wanaokwenda kwenye usaili wa mashindano huniletea karatasi zao nizitazame, ingawa Kiingereza changu bado ni cha kusukuma na mpwa wangu ndiye anayetufasiria kwa simu. Mwezi uliopita alikuja mmoja, binti wa barabara ya 16, anayesuka nywele na aliyechaguliwa kwenda kambini. Tulikaa kibarazani tangu baada ya alasiri mpaka taa zikawashwa. Mwishoni akaniuliza, "Kwa hiyo, dada, nisiende?" Nikamwambia aende, ila abebe sukari yake mwenyewe. Akafungua karatasi, akaweka kidole kwenye ukurasa wa tano, akaniambia haiwezekani, kifungu cha 11 kinasema mabegi yatapekuliwa na vyakula vyote vitachukuliwa mlangoni. Kifungu hicho mimi na mpwa wangu tulikuwa tumekiruka.